Bukavu: Fundi wa chuma na fundi wa umeme, nani anapaswa kuogopa akili bandia?

Ukishuka katika kata ya Nguba, komini ya Ibanda, kuelekea mpaka wa Ruzizi ya kwanza, utapita mbele ya milango mingi ya chuma iliyotengenezwa na mafundi wa hapa hapa Bukavu. Kuna yenye maua, kuna yenye mikuki juu, kuna ya bati zito ambayo mpita njia hawezi kuona hata mbwa aliyelala ndani. Nyuma ya milango hiyo, ndani ya kuta na juu ya dari, kuna kazi ya fundi mwingine ambayo haionekani: nyaya, soketi, betri za sola, na ile swichi kubwa inayohamisha nyumba kutoka umeme wa SNEL kwenda jenereta.

Mafundi hao wawili hukutana kwenye lupango moja, mara nyingi katika wiki moja, na mwenye nyumba anawalipa kutoka mfuko mmoja. Lakini watafiti wa Ulaya na Marekani, wale wanaohesabu kazi zipi zitachukuliwa na mashine, hawawaweki katika kapu moja hata kidogo. Mmoja wamemtia katika orodha ya wanaoondoka. Mwingine wamemtia katika orodha ya wanaobaki.

Jambo hili si la watafiti peke yao. Kila mwaka, hapa Bukavu, wazazi wanakaa na mtoto anayeingia sekondari ya ufundi na kuamua: mekanika na kuchomelea, ao umeme? Uamuzi unachukuliwa mtoto akiwa na miaka kama 14 hivi, minervale inalipwa kwa shida, na kazi yenyewe anatakiwa kuifanya mpaka mwaka wa 2060 na kitu. Na siku hizi hata kwenye basi watu wanaulizana kama akili bandia itawaachia watoto kitu cha kufanya.

Asilimia 94 na asilimia 15

Mwaka 2013, watafiti wawili wa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walichukua kazi 702 za Marekani na kuipa kila moja alama ya uwezekano wa kufanywa na kompyuta ao roboti. Hesabu yao ikazunguka dunia nzima kwa sababu walisema asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko hatarini. Katika orodha ile, fundi wa kuchomelea vyuma alipata asilimia 94. Fundi wa umeme alipata 15.

Tofauti hiyo ina sababu. Kuchomelea kiwandani ni kurudia mstari ule ule, kwenye kipande kile kile, mara elfu kwa siku. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliingia kazini kwa General Motors huko New Jersey mwaka 1961, na haikuchukua muda ndugu zake kupewa kazi ya kuunganisha mabodi ya magari kwa moto. Kwa hiyo chuma kimezoeana na roboti tangu zamani. Fundi wa umeme naye anaingia katika nyumba ambayo hajawahi kuiona, anapanda dari lenye popo, anatafuta waya ambao fundi aliyemtangulia aliuficha bila mpangilio, na rangi za nyaya zinamdanganya. Roboti haipendi kazi ya namna hiyo.

Tuseme wazi kwamba alama zile zilikosolewa sana. Mwaka 2016 watafiti walioandikia shirika la OECD walipima upya, wakiangalia kila kazi kwa vipande vyake badala ya kuihukumu kwa jina lake, na wakakuta ni asilimia 9 tu ya ajira katika nchi 21 tajiri ndizo zinaweza kuchukuliwa karibu zote. Kutoka 47 mpaka 9! Mtu anayekuambia leo kwamba anajua namba kamili, muulize kwanza amehesabu jina la kazi ao amehesabu mikono inafanya nini.

Mshahara nao unafuata njia ile ile

Mtu angefikiri kwamba kazi yenye hatari zaidi ingelipwa zaidi, kama vile anayesafirisha mizigo kwenye barabara mbaya anavyoongeza bei. Si hivyo. Takwimu za wizara ya kazi ya Marekani za mwezi wa tano 2024 zinaonyesha kwamba fundi wa umeme wa katikati, yaani aliye na wenzake nusu juu yake na nusu chini yake, alipata dola 62.350 kwa mwaka. Fundi wa kuchomelea alipata 51.000. Yaani aliye hatarini zaidi anaacha zaidi ya dola 11.000 mezani kila mwaka. Na wizara ile inatarajia ajira za umeme kukua kwa asilimia 9 kati ya 2024 na 2034, na za kuchomelea kwa asilimia 2 tu.

Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni karatasi: katika majimbo mengi ya Marekani huwezi kugusa umeme wa nyumba ya mtu bila leseni, na leseni inachukua miaka kuipata. Ya pili ni akili bandia yenyewe. Maghala ya kompyuta yanayoiendesha yanakula umeme kama mji mzima, na kila moja linahitaji mafundi wa kupitisha nyaya. Mwaka 2025 Jensen Huang, mkubwa wa kampuni ya Nvidia inayouza chipu za akili bandia, alisema hadharani kwamba watahitajika mafundi wa umeme na wa mabomba kwa mamia ya maelfu. Mashine inayoogopesha watu wa ofisi inamtafutia fundi wa umeme kazi.

Hapa Kongo, katika sheria, tofauti hiyo haipo. Mpangilio wa kazi nchini unaanza na manœuvre wa kawaida, unapita kwa mfanyakazi aliyezoea kazi, unafika kwa fundi mwenye sifa na fundi mwenye sifa za juu, kisha maîtrise na kuendelea. Fundi wa chuma na fundi wa umeme wenye diploma sawa wanaweza kukaa kwenye ngazi moja. Chini kabisa ya ngazi kuna SMIG, ambayo tangu 2018 ilikuwa franga 7.075 kwa siku. Mwaka 2025 serikali ya Kinshasa iliipandisha hadi 14.500, na kupanga ifike 21.500 kuanzia mwezi wa kwanza 2026. Kwa siku 26 za kazi, 14.500 inafanya franga 377.000. Hiyo ni ya manœuvre. Fundi anahesabiwa juu yake.

Lakini ili sheria ikulipe, lazima kuwe na kampuni inayokulipa.

Kampuni ziko wapi?

Kwa miaka mingi, fundi wa Bukavu aliyetaka mshahara wa mwisho wa mwezi alikuwa na milango michache ya kugonga: Bralima kwa bia na limonadi, Pharmakina kwa kinini, SNEL na SINELAC kwa mitambo ya Ruzizi, na kule Luhwindja mgodi wa Twangiza, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011 chini ya kampuni ya Banro. Kwenye sehemu kama hizo ndiko fundi wa umeme alikuwa anampita mwenzake, kwa sababu mashine za kiwanda zinaongozwa na vidhibiti vya elektroniki, na siku kidhibiti kinakataa, chupa zote zinasimama.

Mwaka 2025 milango hiyo ilitikisika. Mwezi wa pili Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23 na benki zikafungwa. Mwezi wa tano ikawa zamu ya Twangiza. Mwezi wa sita Heineken, kampuni mama ya Bralima, ikatangaza kwamba haina tena uwezo wa kusimamia vituo vyake vya Bukavu na Goma, na kwamba imewaondoa watu wake. Hakuna roboti hata moja iliyohusika katika habari hizi. Kwa fundi aliyepoteza kazi mwaka ule, swali la asilimia 94 ao 15 linasikika kama swali la watu walioshiba.

Hata hivyo vita si hoja ya kufunga mazungumzo, kwa sababu hapa hapa Kongo kuna mahali ambapo mashine inayojiendesha imekwisha kufika na tunaweza kuona ilifanya nini.

Somo la Kibali

Mgodi wa dhahabu wa Kibali, jimboni Haut-Uélé, unaendeshwa na kampuni ya Barrick pamoja na AngloGold Ashanti na SOKIMO ya serikali. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013. Chini ya ardhi, mashine kubwa za kubeba mawe zinatembea zenyewe, bila dereva ndani, na mtu mmoja aliyekaa juu, mbele ya viyoo, anasimamia mashine kadhaa kwa pamoja. Ni mmoja wa migodi ya chini ya ardhi yenye automati zaidi barani Afrika, na uko katika nchi yetu, si Australia.

Nani alipungua pale? Dereva wa chini. Nani aliongezeka thamani? Mtu wa umeme na wa vipimo, kwa sababu mashine isiyo na dereva inaishi kwa kamera, nyaya na mawasiliano, na kwa sababu mgodi wenyewe unakula umeme wa vituo vitatu vya maji vilivyojengwa kwa ajili yake: Nzoro II, Ambarau na Azambi. Lakini fundi wa kuchomelea hakuondoka. Mawe yanakula chuma. Beseni la mashine ya kubebea linaisha, linatoboka, linahitaji kuwekewa bati jipya, na kila tundu lina sura yake. Hiyo si kuchomelea kwa mstari wa kiwanda cha magari. Ni kutengeneza kilichoharibika, na hapo ndipo alama ya asilimia 94 inapoteza nguvu: iliwapima mafundi wote kwa jina moja, wa mstari wa kiwanda na wa matengenezo.

Roboti haifiki Nguba, kazi yake inafika

Sasa turudi Nguba. Mkono wa roboti wa kuchomelea unauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na unataka umeme usiotingishika pamoja na vipande vinavyofanana. Mwenye atelie hapa hana hata kimoja kati ya hivyo. Mteja wake anataka mlango wa mita tatu na nusu kwa sababu lupango limeinama, jirani anataka antivoli za madirisha matano yenye vipimo vitano tofauti, na wa tatu analeta kiti cha pikipiki kilichovunjika. Roboti ya namna gani italetwa kwa mambo hayo?

Tatizo ni kwamba roboti haina lazima ya kusafiri. Kulingana na shirikisho la kimataifa la roboti, IFR, mwaka 2024 roboti za viwandani 542.000 zilifungwa duniani, na zaidi ya nusu, asilimia 54, zilifungwa China. Milango ya chuma iliyokwisha kupakwa rangi, yenye kufuli ndani na alama za mbao bandia, inatoka viwandani huko, inapita bandari za Dar es Salaam ao Mombasa, inapanda magari makubwa mpaka kwetu. Kwa ile mlango ya ndani na ya mbele ya nyumba, yenye vipimo vya kawaida, fundi wa hapa anashindana na roboti bila kujua, na anashindwa kwenye bei. Anabakia na mlango wa lupango, ambao ni mkubwa na mzito na hauna kipimo cha kawaida.

Fundi wa umeme naye asicheke. Zamani kufunga sola kulikuwa kazi ya siku mbili: kuhesabu paneli, betri za asidi, kifaa cha kudhibiti chaji, kigeuzi cha umeme, na kuunganisha kila kimoja. Leo vyote vinakuja ndani ya sanduku moja lenye betri ya litiamu, linajipanga lenyewe na kutuma taarifa kwenye simu. Mwenye nyumba anayejua kuchomeka plagi amekwisha kumaliza nusu ya kazi. Hapo fundi analipwa kwa kupanda juu ya bati na kukaza skrubu, kazi ambayo ni ngumu zaidi na inalipa kidogo.

Na simu yenyewe sasa inajibu maswali. Mteja anapiga picha ya kibao cha umeme, anaiuliza akili bandia kwa Kifaransa, na anapata maelezo marefu yenye kusadikika. Wakati mwingine ni ya kweli. Wakati mwingine yanazungumzia nyaya za rangi za Ulaya, huku ukuta wake ukiwa na waya wa rangi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Fundi mwenye busara anaitumia simu hiyo hiyo kusoma ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kigeuzi kilichoandikwa Kichina. Asiye na busara anaiamini, na Bukavu inajua vizuri moto wa nyumba unaoanzia kwenye waya uliounganishwa vibaya.

Shirika la kazi duniani, OIT, liliandika mwaka 2023 kwamba katika nchi maskini ni asilimia 0,4 tu ya ajira ambazo akili bandia ya maandishi inaweza kuzichukua kabisa, na asilimia 5,5 katika nchi tajiri. Walioonyeshwa kuwa hatarini zaidi ni makarani na makatibu. Kwa maneno mengine, wazazi wanaomsukuma mtoto aache mikono michafu ili akakae ofisini labda wanamsukuma kuelekea upande usiofaa.

Nani anapata zaidi Nguba?

Hapa hesabu ya Marekani inageuka. Fundi wa kuchomelea analipwa kwa kipande, na kazi yake inaonekana na barabara nzima. Mteja anaigonga kwa ngumi, anasikia uzito wake, anakubali bei. Tuchukue mfano wa mlango wa lupango wa dola 300. Ukitoa mirija, bati, bageti, rangi, usafiri na posho ya vijana wawili wa kusaidia, fundi anaweza kubaki na 60 ao 70, ikiwa umeme ulikuwepo. Kama alichomelea kwa jenereta, mafuta yanakula theluthi ya faida hiyo ao zaidi. Ni mfano tu, lakini kila mwenye atelie anaujua mpangilio wake: chuma ndicho kinachokula pesa, na bei ya chuma inapangwa mbali.

Fundi wa umeme halipi malighafi. Mteja ananunua nyaya mwenyewe. Anachouza ni mikono na akili, na hivyo ndivyo watu wanavyobishania bei. Kwa nini nikupe dola 20 kwa nusu saa? Nusu saa hiyo ina miaka minne ya shule ndani yake, lakini haionekani, na jirani asiye na diploma yuko tayari kufanya kwa dola 5. Marekani leseni inamfukuza jirani huyo. Hapa mtu anapanda kwenye dari bila kuonyesha karatasi yoyote.

Kwa hiyo katika kata, fundi wa chuma mwenye atelie yake anaweza kumpita wa umeme. Katika kampuni, wa umeme anampita wa chuma. Isipokuwa fundi wa chuma awe na cheti cha kweli cha kuchomelea mabomba yenye presha, kile ambacho mchomeleo unapigwa picha ya eksirei kabla ya kukubaliwa. Huyo ni mtu mwingine kabisa, na kazi yake inakuja karibu: mradi wa Ruzizi III, megawati 206, unaoziunganisha Kongo, Rwanda na Burundi, utahitaji mabomba makubwa ya maji kabla ya kuhitaji waya hata mmoja. Swali ni nani kutoka Bukavu atakuwa na karatasi hiyo siku wajenzi watakapoiomba. INPP, iliyoundwa mwaka 1964, ina tawi lake hapa mjini, na Institut Technique Fundi Maendeleo imetoa vizazi vya mafundi. Diploma zao zinaheshimiwa nchini, lakini kampuni za kigeni zinaomba cheti cha kanuni za kimataifa, na hicho kwa kawaida kinataka mtihani mwingine na pesa nyingine.

Mtambo wenye kupiga mbizi

Si mbali na Nguba, pale ziwa Kivu linapoachia maji yake, kuna mahali pazuri pa kuwapima mafundi wetu wawili: mtambo wa Ruzizi I. Una mashine nne, zinazofanya pamoja megawati 29,8, na ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Adui wake mkubwa wa kila siku ni chupa za plastiki. Takataka zinazotupwa mitaroni na kwenye vilima vya Bukavu zinashuka ziwani, ziwa linazisukuma mpaka kwenye bwawa, na zinaziba njia ya mashine. Mwaka 2022 wakubwa wa mtambo waliwaeleza waandishi wa habari kwamba uchafu unafika mita 14 chini ya maji, na kwamba wapiga mbizi wanatumwa kuuondoa kwa mikono.

Baada ya mpiga mbizi anaitwa fundi wa chuma, kunyoosha na kuchomelea vyuma vya kuchujia vilivyopinda. Kisha wa umeme, kurudisha mashine kwenye mtandao. Kompyuta inaweza kusema mapema kwamba mashine inatetemeka vibaya, na hilo lingesaidia sana, lakini kipande cha kubadilisha kwenye mtambo wa miaka zaidi ya 60 mara nyingi hakiuzwi tena popote. Lazima mtu akitengeneze.

Huku juu katani, mtambo ule ukipunguza nguvu, delestaji inapanga ratiba ya wote wawili. Mafundi wa chuma wanangojea usiku umeme urudi. Ukirudi saa nne, atelie zinawaka, cheche zinaruka, na kila bageti ikigusa chuma taa za nyumba za jirani zinafifia na kupanda, zinafifia na kupanda. Majirani wanapiga kelele, kisha friji ya mmoja wao inakufa. Asubuhi anamuita fundi wa umeme.